Naomba ushauri: mbwa mdogo na maua ya sumu ndani

Wakuu, habari zenu. Niko Raskazone, Tanga, kwa shangazi yangu. Nina mbwa mdogo wa miezi minne, anatafuna kila anachokiona, na nyumba imejaa maua.

Yapo mani planti na difenbakia. Haya mawili yana fuwele kali kama sindano kwenye majani na mashina: mbwa akitafuna, mdomo huvimba, mate humtoka na hutapika. Shubiri nayo huharisha. Kinachoninyima usingizi hasa ni saikasi kwenye chungu kikubwa barazani. Wengi huudhani ni mnazi mdogo wa urembo, kumbe mmea wote una sumu, mbegu zikiwa kali zaidi. Huharibu ini na mbwa anaweza kufa. Huu naona utoke kabisa, lakini shangazi ameulea miaka mingi na siwezi kumwamrisha mtu mzima nyumbani kwake. Nimwambieje kwa heshima akanielewa?

Pia, jirani anasema akila majani nimpe mafuta ya nazi atapike. Mimi naogopa: utomvu uliochoma ukishuka utachoma tena ukipanda. Kwa difenbakia najua kumsafisha mdomo kwa maji, kisha kumwahisha kwa daktari wa mifugo na kipande cha mmea mkononi. Mliowahi kukutwa na hili usiku hapa Tanga, mlimpataje daktari?

Na mani planti ukiuning'iniza juu, majani yanayodondoka mnayadhibiti vipi?