5W-30, 10W-40 au 20W-50 kwa injini iliyofikisha kilomita 231,000?

Bi_Usukani
Wadau, habari zenu. Naombeni ushauri kabla ya servisi ya Jumamosi. Gari langu ni la petroli, injini ya lita 1.8 yenye VVT (mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu), na limeshatembea kilomita 231,000. Kitabu cha gari kinasema oili ya 5W-30 na ndiyo ninayotumia siku zote. Sasa limeanza kula oili. Nikijaza hadi alama ya juu ya dipstiki, baada ya kilomita 2,000 hivi nakuta imeshuka hadi karibu na alama ya chini. Uvunguni hakuna hata tone. Moshi siuoni, ila asubuhi nikiwasha, tapeti zinalia kama sekunde mbili, kisha zinanyamaza.

Fundi wangu anasema injini imechoka, nihamie 20W-50. Shemeji anasema 10W-40 inatosha. Mimi naogopa kuua VVT. Nyie mngeweka ipi, na kwa nini?

Pistoni_Nne
Dada, weka 20W-50 ulale usingizi. Pikapu langu nililianzishia likiwa na kilomita 290,000, leo lina 380,000 na injini haijafunguliwa. Injini ikishalegea, oili nyepesi inapenya kwenye ringi na kwenda kuungua. Nzito inaziba hizo nafasi, presha inapanda na makelele yanakwisha.

Karakana_Yetu
Mkuu Pistoni, nakuheshimu, na kwa injini yako sikupingi. Ila pikapu la zamani lisilo na VVT na gari la dada ni vitu viwili.

Tuanze na namba, maana wengi tunazisoma kama ni kitu kimoja. Namba iliyo mbele ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa ya baridi. Ya mwisho ni uzito wake injini ikishapata moto, unaopimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa jedwali la SAE J300, yaani kiwango cha uzito wa oili za injini, oili ya 30 inaanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5. Ya 40 inatoka hapo hadi 16.3, na ya 50 inaendelea hadi 21.9. Kwa hiyo kutoka 30 kwenda 40 umepanda ngazi moja. Kwenda 50 umeruka mbili, na upande wa baridi, kutoka 5W hadi 20W, umeongeza uzito kwa ngazi tatu kwa mpigo.

Sasa tazama hili. 5W-30 ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa na sentistoki kama 60 hadi 70. Yaani hata hiyo tunayoiita nyepesi, ukiwasha asubuhi ni nzito mara sita kuliko itakavyokuwa injini ikichemka. 20W-50 kwenye nyuzi hizohizo inafika 150 na kupita. Wakati wa kuwasha ndipo vyuma vinasagana zaidi kwa kukosa oili, na hapo ndipo 20W-50 inapochelewa.

Halafu VVT inasukumwa na oili hiyohiyo, inayopita kwenye matundu membamba na kichujio cha waya kisichozidi ukucha. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, kemshafti (shafti inayofungua valvu) inachelewa kufika ilikoagizwa, kompyuta inaona tofauti, taa ya injini inawaka. Na presha kupanda si dalili kwamba oili inafika vizuri. Wakati mwingine inapanda kwa sababu oili inapita kwa shida.

Kati ya hizo tatu ningechukua 10W-40. Lakini ungeniachia nichague mwenyewe ningeweka 5W-40: asubuhi inakimbia kama 5W-30, ikipata moto inasimama ngazi moja juu. Fungua kitabu cha gari kwenye jedwali la hali ya hewa kwanza, vitabu vingi vinataja uzito zaidi ya mmoja.

Msafiri_Usiku
Nakubaliana na Karakana_Yetu. Mwaka jana nilitia 5W-30 na 20W-50 kwenye chupa mbili ndogo za kioo, nikazilaza kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nikaziinamisha pamoja. Ya kwanza ilifika shingoni mara moja. Ya pili ilijikusanya, ikashuka taratibu kama asali, na nyuma yake ikaacha utando mnene kwenye kioo. Tangu siku hiyo siwashi gari asubuhi bila kuikumbuka ile chupa.

Pistoni_Nne
Friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Anayeishi kwenye joto mwaka mzima hakutani na hali hiyo.

Msafiri_Usiku
Kweli, lakini sentistoki alizotaja Karakana_Yetu ni za nyuzi 40, siyo za friza. Tofauti ipo hata kwenye joto.

Kipimo_Tosha
Naongeza jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Chupa mbili zinaweza kuandikwa 5W-30 na bado zisiwe sawa. Geuza chupa usome nyuma. Ukikuta ACEA (viwango vya oili vya watengenezaji magari wa Ulaya) A5/B5, mnato wake kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inakamuliwa kwa kasi, kama inavyokamuliwa ndani ya beringi, uko kati ya 2.9 na 3.5 (hapa kipimo ni milipaskali-sekunde, siyo sentistoki). Ukikuta A3/B4 au C3, haushuki chini ya 3.5, na hicho ndicho kiwango cha chini cha 5W-40. Kwa hiyo unaweza kubaki na 5W-30 uliyoizoea na bado ukapata utando imara zaidi.

Zipo pia zilizoandikwa kuwa ni za magari yenye kilomita nyingi. Hizo huwa na viungo vya kulainisha sili zilizokauka. Zinasaidia kwenye uvujaji mdogo. Ringi zilizokwisha hazitengenezwi na chupa yoyote.

Mama_Gia
Jamani, mbona tunachagua dawa na hatujajua ugonjwa? Lita ya oili haipotei hivihivi. Bi_Usukani, acha gari lingurume bila kutembea dakika kadhaa, kisha kanyaga mafuta huku mtu akitazama ekzosi. Moshi wa buluu ukitoka kwa wingi hapo au mara tu unapowasha asubuhi, shuku sili za valvu. Ukitoka unapopanda mlima kwa nguvu, shuku ringi. Ng'oa plagi zote nne uzipange kwa mfuatano, uone ipi ina ukoko wa oili.

Kabla ya yote, chomoa valvu ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini) uitikise sikioni. Nzima inalia kachakacha. Ikiwa bubu, imeganda, na mvuke wa ndani ya injini unasukuma oili kwenda inakotaka.

Karakana_Yetu
Mama_Gia amesema neno nililopaswa kuanza nalo. Na zile sekunde mbili za tapeti, dada, angalia filta. Ndani yake kuna mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) gari likilala. Mpira ukikakamaa, filta inabaki tupu usiku, na asubuhi pampu inaanza kuijaza upya.

Bi_Usukani
Narudi baada ya wiki tano. PCV ilikuwa bubu kabisa, nimeitikisa haikutoa sauti yoyote, na bomba lake lilikuwa na utope mweusi mzito kama grisi. Plagi tatu kavu, ya nne ina ukoko mweupe upande mmoja. Kitabu cha gari kinaruhusu pia 5W-40, kwa hiyo niliweka hiyo, PCV mpya na filta mpya. Tapeti zilinyamaza asubuhi ya kwanza. Baada ya kilomita 2,100 nimepima gari likiwa pahali tambarare: oili imeshuka robo tu ya nafasi iliyo kati ya alama mbili.

Pistoni_Nne
Hongera dada. Ila umebadilisha vitu vitatu kwa siku moja, kilichotibu utakijuaje?

Bi_Usukani
Ni kweli kaka. Servisi ijayo narudia 5W-30, ile yenye C3, na PCV hii hii mpya. Ikishuka tena kama zamani, nitajua ni uzito wa oili uliosaidia.

Mama_Gia
Na silinda ya nne usiisahau. Ipime kompresheni kabla hujabadilisha oili. Ikitoka chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi.

Bi_Usukani
Naipima Jumamosi. Namba nitaziweka hapa.