Kupe wa Sikujua

Ba'mdogo Eli: Jamani, ng'ombe wangu Sikujua nimempulizia dawa ya kupe juzi tu, leo masikio yamejaa kupe kama mbegu za mbarika. Dawa za siku hizi feki!

Neema: Shikamoo ba'mdogo. Dawa gani?

Ba'mdogo Eli: Marahaba mwanangu. Ile ya amitrazi, kutoka duka la pembejeo.
[picha]

Neema: Naona 12.5%. Ulichanganyaje?

Ba'mdogo Eli: Vifuniko viwili, bomba la lita 20

Shangazi Rehema: Vifuniko 🙄

Neema: Kifuniko hicho ni kama mililita 5. Dawa ya nguvu hiyo ni mililita 2 kwa kila lita ya maji, bomba zima 40. Umeweka 10! Kupe umewaonjesha tu, na kuonja-onja ndiko kunakoleta usugu.

Ba'mdogo Eli: Enzi za josho nani alipima? Walimwaga, na chokaa juu.

Babu: Walipima. Magunia nilibeba mimi. Chokaa ilikuwa ya kuilinda dawa isiharibike majini.

Neema: Kweli babu. Amitrazi ikishachanganywa na maji haikai. Iliyobaki juzi usiitumie tena.

Ba'mdogo Eli: ...

Shangazi Rehema: Anayo.

Ba'mdogo Eli: Nusu bomba. Nilitaka nimalizie kwa punda

Neema: PUNDA USIMGUSE! Farasi dawa hii huwagandisha utumbo, chakula kinakwama ndani, wanakufa. Punda ni ukoo uleule, mimi simjaribii. Na usiimwage mtoni, samaki watakufa.

Mama Gifti: Kwani kupe wa masikioni si ndio wanaoleta ugonjwa wa ndigana?

Neema: Ndio hao, ma'mkubwa. Ba'mdogo, Sikujua anakula? Papasa chini ya sikio.

Ba'mdogo Eli: Asubuhi kaacha majani. Ngoja

Ba'mdogo Eli: Kuna tezi. Kama limao hivi

Neema: Hiyo haikuanza juzi, kupe walishamwambukiza wiki zilizopita. Mwite bwana mifugo SASA, ampime joto. Ndigana kali haisubiri kesho. Kupulizia baadaye.

Babu: Mimi nilipoteza mitamba miwili hivyohivyo. Piga simu, Eli.

Ba'mdogo Eli: Nimepiga. Anawasha pikipiki. Ila sindano zake bei juu, mwenye chochote anisaidie 🙏

Shangazi Rehema: Natuma. Ikibaki chenji, nunua kikombe cha kupimia.