Naomba ushauri: video za wageni kwenye vipindi vya zamani vya kantri, nimchagulie mzee zipi?

MwanaMolo

Wakuu, salamu zenu.

Mzee wangu anatimiza miaka 80 Desemba hii na watoto wote tunarudi nyumbani Molo. Kila mmoja kapewa jukumu lake: wenzangu wana mbuzi, hema na keki, mimi nimeangukiwa na burudani. Mnawajua wazee wa rika lake huku Bonde la Ufa, kantri ndiyo muziki, mengine ni kelele. Jim Reeves, Charley Pride, Skeeter Davis, Dolly Parton, Don Williams. Amewasikia tangu redio ya VOK, zikaja kanda, sasa ni simu ya mjukuu. Ila kuwaona wakiimba, hajawahi.

Nataka nimwandalie kama saa nzima ya video za zamani za runinga, zile ambazo mwimbaji anakaribishwa kama mgeni, anaimba, anapiga soga kidogo na mwenye kipindi. Sitaki zile zilizobandikwa picha ya machweo huku maneno ya wimbo yanapita chini.

Nimeanza na Hee Haw, kile kipindi cha Marekani cha kantri na vichekesho, nikakwama. Wimbo mmoja, halafu watu wanachomoza kwenye shamba la mahindi na kurushiana vichekesho, halafu punda wa katuni anacheka. Mzee Kiingereza anakijua, alikuwa karani, lakini kile cha Tennessee kinampita mbali. Hata mimi nusu yake sikishiki.

Mzee pia anashikilia kwamba Jim Reeves aliwahi kutokea Hee Haw, eti rafiki yake aliyesomea Marekani alimwona. Nimetafuta hadi bando likaisha. Na dada yetu mkubwa anasema baba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo ziwe nyimbo za injili tupu ama tusiweke kitu. Halafu sijui nikate mazungumzo nibakize nyimbo, au niache kila kitu kama kilivyo.

Nawasilisha.

BinZinga

Mkuu, shikamoo yangu imfikie mzee.

Huyo rafiki yake alimwona mtu mwingine. Jim Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville, mji mkuu wa kantri kule Marekani, kwenye mvua ya radi. Hee Haw ilianza kuonyeshwa na televisheni ya CBS tarehe 15 Juni 1969. Hapo hakuna ubishi, ila usimwumbue mzee mbele ya wageni.

Runinga ya Jim Reeves ni ya miaka ya nyuma zaidi. Alipita Ozark Jubilee, kipindi cha Red Foley ambacho televisheni ya ABC walikirusha kutoka Springfield, Missouri, kati ya 1955 na 1960. Shida ni kwamba picha za enzi hizo nyingi zimechoka, na mzee wa miaka 80 usimpe ukungu wa kutazama. Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye tamasha la Oslo la Aprili 1964, lililorekodiwa na televisheni ya Norway. Yumo Chet Atkins, yumo Bobby Bare, wamo Anita Kerr na wenzake, kisha Jim Reeves na bendi yake ya Blue Boys. Sauti imetulia, na mwenyewe anaimba bila kuhangaika, kama anaongea na mtu mmoja. Miezi michache baadaye hayupo. Si kipindi cha wageni kama ulivyotaka, lakini kwa Jim Reeves sheria hiyo ivunje.

MshambaHalisi

Yote haya ya nini? Weka Kenny Rogers, nyama iive, mzee acheze na mama. Watu mnapenda kujitafutia kazi.

MwanaMolo

@MshambaHalisi Kenny yupo tayari, na nyama ipo. @BinZinga asante sana, hiyo ya Oslo sikuwa naijua kabisa.

ChemutaiK

Jirani, mimi niko Kericho, na kuna kipande kimoja ambacho usipokiweka tutakosana.

The Johnny Cash Show, kipindi cha runinga cha mwimbaji wa kantri Johnny Cash, mwaka 1970, mgeni ni Louis Armstrong. Ndiyo, yule yule wa tarumbeta. Cash na gitaa, Armstrong na tarumbeta, wanapiga Blue Yodel No. 9 ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa zamani kabisa. Ukitazama tu utadhani ni watu wawili maarufu wamekutanishwa ili kipindi kipate watazamaji. Kumbe Armstrong ndiye aliyepiga tarumbeta kwenye rekodi yenyewe ya Rodgers, Los Angeles, 1930, na Lil Hardin, mkewe wa wakati huo, akiwa kwenye piano. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye sahani ya santuri. Miaka 40 inapita, Rodgers amekufa zamani, na Cash anamketisha Armstrong mbele ya watu wa Nashville na kuwakumbusha habari hiyo kabla hawajapiga. Armstrong alikuwa ametoka kuugua, na Julai 1971 akafariki. Mimi hicho kipande sijawahi kukitazama nikiwa nafanya kitu kingine.

Na Jimmie Rodgers huku kwetu si mgeni. Sahani zake ziliwafikia Wakipsigis mapema sana, na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha, ambaye ndiye huyo huyo Rodgers, wamemgeuza nusu mtu nusu swala. Muulize mzee kama aliwahi kuusikia. Ukimwonyesha Armstrong bila kumtajia hilo utakuwa umempa nusu.

Kwa dada yako sasa. Kipindi cha Cash kilirekodiwa ukumbi wa Ryman, Nashville. Jengo hilo lilifunguliwa 1892 likiwa nyumba ya mahubiri. Alilijenga Thomas Ryman, tajiri wa meli za mtoni, baada ya kuokoka kwenye mkutano wa mhubiri Sam Jones. Mabenchi wanayokalia watazamaji ni ya kanisa. Cash naye hakuona haya kuimba injili humo, Familia ya Carter na Statler Brothers wakimwitikia. Mwambie dada mtakuwa kanisani muda wote, ila ibada haina sadaka.

FundiGitaa

Naona Hee Haw inaonewa humu, niitetee kidogo.

Kile kipindi kilirekodiwa kwa mafungu, mara mbili kwa mwaka, Juni na Oktoba. Vichekesho vya mahindini vinarekodiwa kwa mkupuo, nyimbo za wageni kwa wakati wake, halafu wahariri wanaunganisha vipande kupata vipindi vya msimu mzima. Mgeni alikuja, akaimba zake mbili tatu, akaondoka. Hakujua wimbo wake utaangukia baada ya kichekesho gani. Kwa hiyo ukivitoa vichekesho hujaharibu kitu, umefumua tu mshono uliokuwepo.

Kwa Cash ni kinyume. Mgeni anaimba mbele ya watu, mwenyeji anasogea, wanaulizana mawili matatu, wanaingia wimbo wa pamoja. Kile kipindi cha kwanza, Juni 1969, Bob Dylan amekaa na Cash wanaimba Girl from the North Country, na Dylan hakuwa mtu wa runinga, unamwona kabisa anavyojikaza. Ukikata yale ya kabla na baada, umebaki na wimbo ambao mzee angeweza kuusikia redioni. Kwa hiyo Hee Haw kata, Cash usiguse.

Ndani ya Hee Haw mtafutie Charley Pride. Wageni wa kipindi cha kwanza kabisa walikuwa yeye na Loretta Lynn. Pride ni mtoto wa wakulima wa Sledge, Mississippi, na kampuni ya RCA walipoanza kutoa sahani zake mwaka 1966 walizituma redioni bila picha, watangazaji waisikie sauti kwanza kabla ya kujua ni mtu mweusi. Miaka 3 baadaye CBS inamwingiza kwenye sebule za nchi nzima, sura na sauti kwa pamoja, tena kwenye kipindi chenye mandhari ya shamba la Kusini. Mimi huyo ningempa nyimbo mbili.

Na dada asisahau Hee Haw Gospel Quartet: Buck Owens, Roy Clark, Grandpa Jones na Kenny Price. Watu waliokuwa wanapigana vijembe dakika chache zilizopita wanasimama na kuimba wimbo wa kanisani bila mzaha hata chembe.

DadaRiziki

Kaka, kwa Dolly usiende Hee Haw wala kwa Cash, nenda The Porter Wagoner Show, kipindi cha mwimbaji Porter Wagoner. Mle hakuwa mgeni, alikuwa mwimbaji wa kudumu kuanzia 1967, akichukua nafasi ya Norma Jean, na watazamaji wa mwanzo hawakumtaka, walimlilia Norma Jean wao. Ndio maana napenda kumtazama kwa mpangilio wa miaka. Mwanzoni anaimba kama mtu aliyeazimwa jukwaa. Ukifika 1972 au 73, Porter na suti yake ya kumetameta ndiye anayeonekana kaalikwa. 1974 akaondoka, na wimbo aliomwandikia Porter wa kumuaga, I Will Always Love You, dunia nzima ikaujua baadaye kwa sauti ya Whitney Houston.

Ni kipindi cha nusu saa, hakina mambo mengi: wimbo, wimbo, Speck Rhodes anachekesha kidogo, mgeni, wimbo wa kiroho, kwaheri. Mzee hatapotea. Ukikuta matangazo ya mdhamini usiyakate, maana walikuwa wanauza Black-Draught, dawa ya kulainisha tumbo, na Porter anaisifia kwa uso mkavu kabisa. Wazee wenzake watacheka kuliko vichekesho vyenyewe.

Kijana_wa_Juzi

Mbona hamjamtaja Neil Young? Alikuja kwenye kipindi cha Cash mwaka 1971 pamoja na James Taylor na Linda Ronstadt, na safari hiyo hiyo ya Nashville ndiyo waliyorekodi Heart of Gold, hao wawili wakimwitikia.

FundiGitaa

@Kijana_wa_Juzi kweli kabisa, na weka kwenye sherehe yako ukifikisha 80. Mzee wa Molo hatakuelewa.

MwanaMolo

Jameni, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Hadi sasa nina Jim Reeves wa Oslo, Charley Pride wawili, Armstrong na Cash, Dolly na Porter mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho, na hao wanne wa injili. Dada amelainika kwa habari za Ryman, ila amegundua nimeweka Cash akiimba Sunday Mornin' Comin' Down na amewaka. Anasema ni wimbo wa mlevi. Niutetee au niutoe?

ChemutaiK

Utetee! Ni wa mlevi aliyeamka Jumapili na kichwa kizito, anapita karibu na kanisa anasikia watoto wakiimba, na roho inamuuma. Wachungaji wangapi wameanzia hapo hapo kwenye mahubiri yao?

FundiGitaa

Wakubwa wa ABC, televisheni iliyorusha kipindi cha Cash, nao walitaka Cash abadilishe neno moja la ulevi mle. Kris Kristofferson, mtunzi, alikuwemo ukumbini siku hiyo. Cash akaliimba kama lilivyoandikwa, na mwaka huo huo, 1970, ukapewa tuzo ya wimbo bora ya CMA, chama cha muziki wa kantri. Lakini ABC si dada yako mkubwa. Ungekuwa mimi ningeuweka wa mwisho kwenye flashi, dada akienda kukata keki unaubonyeza.

BinZinga

Mambo ya ufundi kabla hujafunga kazi. Picha za zamani ni za mraba, usizivute zijaze skrini, Dolly atanenepa bure. Vipande vinatofautiana sana kwa sauti, visawazishe kwanza, la sivyo utashinda na rimoti mkononi. Kwa Cash kuna mkusanyiko rasmi wa DVD uliotoka 2007, picha yake ni safi kuliko nakala za kurekodiwa nyumbani, ukiupata ununue. Na uwe navyo vyote kwenye flashi, usitegemee mtandao wa huko kijijini siku yenyewe.

MwanaMolo

Nimepokea. Swali la mwisho: Don Williams. Mzee ndiye anayempenda kuliko wote na nimekuta vipande vya hapa na pale tu.

DadaRiziki

Achana na runinga ya Marekani kwa huyo. Mwaka 1997 alikwenda Zimbabwe, na onyesho la Harare likarekodiwa, linaitwa Into Africa. Anaimba amekaa kwenye kiti, umati unajua kila neno. Mzee atataka alione lote, kwa hiyo hiyo saa moja yako ongeza.