Mjadala: Mwenye digrii ya nyumbani aliyeko Marekani akimbilie shahada ya uuguzi ya mwaka mmoja, au aanzie chuo cha jamii?

MLETA MADA

Wadau, salaam. Miongoni mwa Waafrika Mashariki tunaoishi Marekani kuna ushauri unaosambaa kwenye makundi ya WhatsApp, makanisani, misikitini na hata kwenye vyumba vya mapumziko vya nyumba za wazee, ambako wengi wetu tunafanya kazi ya CNA, yaani kuwaogesha, kuwageuza na kuwalisha wakazi chini ya usimamizi wa muuguzi. Ushauri huo unasema kwamba mtu aliyekuja na digrii ya biashara, ualimu au sosholojia kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala asijishushe kwa kujiunga na chuo cha jamii cha miaka 2, bali aombe moja kwa moja ile programu ya haraka inayoitwa ABSN, ambayo humpa mwenye digrii nyingine shahada ya uuguzi kwa muda wa miezi 11 hadi 18. Hoja yangu ni kwamba ushauri huu, unavyotolewa kwa kila mtu bila kumuuliza anategemewa na nani na anaingiza kiasi gani, unawaumiza watu wetu.

Sina ugomvi na programu zenyewe. Si utapeli, wala si kitu kilichozuka jana: Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianza kuendesha programu ya namna hii mwaka 1971. Kinachonisumbua ni hesabu.

Miezi 12 inayotangazwa huanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya darasa, wakati safari ya mwombaji huanza nyuma sana. Lazima kwanza awe na masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, lishe na saikolojia ya makuzi ya binadamu. Aliyesoma biashara huenda akawa na takwimu tu, na aliyesoma biolojia miaka kumi iliyopita huambiwa na vyuo vingi kwamba masomo yake yamepitwa na wakati, kwa kuwa wanataka sayansi iliyosomwa ndani ya miaka 5 au 7. Hayo hayasomwi yote kwa mkupuo, maana sehemu ya pili ya fiziolojia haiingiliki bila ya kwanza. Na watu huyasomea wapi? Mara nyingi ni chuo cha jamii kilekile walichoambiwa wasikikanyage.

Halafu kuna nakala za matokeo. Digrii yako lazima itathminiwe na taasisi kama WES, somo kwa somo, na chuo chako cha nyumbani ndicho kinachotakiwa kuzituma nakala hizo moja kwa moja. Ukizituma mwenyewe hazipokelewi. Anayezijua ofisi za masijala za vyuo vyetu anajua yanayofuata: mdogo wako anatumwa dirishani, anaambiwa mhusika yuko kwenye semina, anarudi wiki ijayo, anaambiwa kuna faini ya maktaba ambayo hukuilipa ulipohitimu, na wakati huo tarehe ya mwisho ya maombi imeshapita.

Upande wa fedha ndiko ninakoona watu wanazama. Ruzuku ya serikali kuu inayoitwa Pell haitolewi kwa mwenye shahada, na shahada ya nje nayo inahesabiwa. Kinachobaki ni mkopo wa serikali, tena kwa wenye uraia, kadi ya kijani au hadhi ya ukimbizi, na kwa mwanafunzi anayejitegemea wa ngazi hiyo ukomo wake ni dola 12,500 kwa mwaka wa masomo. Ada ya ABSN katika vyuo binafsi huweza kuvuka dola 50,000. Pengo hilo huzibwa na mikopo ya benki, ambayo aghalabu hudai mdhamini, na mdhamini katika jamii zetu ni binamu au muumini mwenzako ambaye naye ana deni la nyumba. Wakati huohuo vyuo vingi vinakushauri waziwazi usifanye kazi, kwa sababu juma zima limejaa darasa, maabara na zamu za mafunzo hospitalini. Mtu anayelipa kodi ya nyumba hapa na ada za wadogo zake kule hawezi kuacha kazi mwaka mzima, kwa hiyo anajaribu kufanya yote: Ijumaa na Jumamosi zamu ya usiku, Jumapili usingizi, Jumatatu mtihani.

Mtihani wenyewe hausamehe. Chukua ule wa kukokotoa dozi, ambao vyuo vingi hutaka upate asilimia 90 au zaidi kabla hujaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa. Mfuko wa mililita 250 una uniti 25,000 za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na daktari ameagiza uniti 1,200 kwa saa. Pampu utaiweka kwenye mililita ngapi kwa saa? Jibu ni 12, na aliyelala vizuri hulipata upesi, kwa kuwa kila mililita ina uniti 100. Aliyetoka zamu ya usiku huiweka nukta pasipo pake akapata 120, na heparini mara kumi ya kiwango inaweza kumfanya mgonjwa avuje damu hadi kufa. Tena katika programu ya kasi kundi zima hutembea pamoja. Ukianguka somo moja, kwa kawaida unangoja kundi linalofuata, na kwa chuo kinachopokea kundi moja kwa mwaka maana yake ni kukaa nje mwaka mzima huku riba ikihesabiwa.

Chuo cha jamii hutoza sehemu ndogo tu ya ada hiyo, baadhi hutoa madarasa ya jioni na mwisho wa juma, na mhitimu wake hukalia mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, akapata leseni ileile ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Hospitali nyingi humsaidia baadaye ada ya kumalizia shahada kwa njia ya mtandao huku akipokea mshahara wa muuguzi. Kinachowafanya watu wetu waikwepe njia hii, kwa maoni yangu, ni aibu: aliyevaa joho nyumbani hataki kusikika akisema anarudi kusoma ngazi iliyo chini ya digrii. Naomba kuwasilisha, na ningependa hasa waliopitia ABSN wanipinge kwa hesabu.

MCHANGIAJI WA KWANZA (muuguzi wa wagonjwa mahututi, Texas)

Ndugu mleta mada, nimepitia ABSN na nitakupinga kwa hesabu kama ulivyoomba. Masomo ya awali umeyaandika kwenye gharama za upande mmoja tu. Chuo cha jamii nacho kinataka anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia kabla ya kukuingiza kwenye darasa la uuguzi, na kuingia huko si kubisha hodi ukafunguliwa. Viko vyenye orodha ndefu za kusubiri, na California viko vinavyochagua wanafunzi kwa bahati nasibu. Hata Pell uliyoitaja, mwenye digrii hunyimwa popote aendapo. Ukiyaondoa hayo yanayolingana, kinachobaki ni mwaka mmoja dhidi ya miaka miwili, na bado hujahesabu muda wa kumalizia shahada.

Mwaka huo wa tofauti una bei yake. Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani, mwaka 2023 mshahara wa kati wa RN ulikuwa dola 86,070, na wa CNA ulizidi kidogo dola 38,000. Anayechelewa mwaka mmoja kuwa muuguzi amejikosesha karibu dola 48,000, kiasi ambacho kinakaribia ada unayotutishia nayo. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 43, mwaka mmoja zaidi wa mshahara wa RN kabla ya kustaafu si jambo la kupuuzwa.

Kuhusu aibu, naona umewaonea watu. Wanaoitaka shahada hawafuati majivuno tu. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo hilo, na wakaonyesha kwamba kila uwiano wa wauguzi wenye shahada hospitalini unapopanda kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 hushuka kwa asilimia 5. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikapendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020, na Desemba 2017 jimbo la New York likaweka sheria inayowataka RN wapya waipate ndani ya miaka 10. Hospitali kubwa za mijini zimekuwa zikiajiri kwa mtazamo huo.

Sikatai kwamba ule mwaka ni mgumu. Mimi na mke wangu tuliuandaa mapema: tulihamia chumba kimoja, tukauza gari la pili, na tukawaeleza nyumbani kwamba hakuna cha kutuma isipokuwa msiba au hospitali. Walinuna, na wengine walinuna hadi nilipoanza kazi. Lakini huo ndio ushauri tunaopaswa kuutoa, wa kujiandaa, badala ya kumwelekeza kila mtu kwenye njia ndefu kwa sababu ada yake ni ndogo.

MCHANGIAJI WA PILI (mwanafunzi wa masomo ya awali, Ohio)

Kaka zangu, hesabu ya kaka wa Texas inakwenda sawasawa kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Mimi ninalea watoto peke yangu, na mshahara wa CNA ndio huohuo unaolipa kodi, chakula na mtu wa kuwaangalia ninapokuwa zamu. Nikiacha kazi hata kwa muhula mmoja, hakuna mke wala mume wa kushika usukani. Nimechagua chuo cha jamii cha jioni kwa sababu hiyo tu, wala sikuona aibu yoyote, kwa hiyo mleta mada naye asituwekee wote aibu ambayo pengine ni ya marafiki zake wenye majoho.

Kuna jambo moja mmelipita haraka. Mnabishana juu ya njia mbili halali, na iko ya tatu inayouzwa kwa watu waliochoka. Januari 2023 serikali kuu ilitangaza kwamba shule tatu za Florida zilikuwa zimeuza vyeti vya uongo vya uuguzi zaidi ya 7,600, na kwamba takriban 2,400 kati ya walionunua walikuwa wamefaulu NCLEX. Baada ya hapo bodi za majimbo zikaanza kuwafuatilia wenye leseni hizo. Kila tunapomhimiza mtu kwamba uuguzi ni wa mwaka mmoja tu, tunamzoesha kusikiliza wauzaji wa namna hiyo. Anayetafuta chuo, kiwe cha kasi au cha jamii, aangalie kwanza kama kimeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, kama kina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi, na wanafunzi wake wangapi hufaulu NCLEX kwa mara ya kwanza. Viwango hivyo vya ufaulu huchapishwa na bodi nyingi za majimbo.

MLETA MADA

Dada wa Ohio na mwenzetu wa Texas, nimewasoma kwa makini. Hizo dola 48,000 sizikatai, ila zinaingia mwaka ujao, na mwenye nyumba anadai kodi yake tarehe 1 ya mwezi huu. Mwenye akiba, au mwenye mwenza mwenye kipato, anaweza kuuvuka huo mwaka, na kwa huyo ABSN ni uamuzi wa busara. Mwingine hawezi, hata kama akili yake ya darasani ni kali kuliko yetu sote. Tofauti ya hawa wawili ni kodi ya nyumba na chakula.

Kwa hiyo naongeza pendekezo. Vyama vyetu huchangia harusi, misiba na kusafirisha miili nyumbani, na hufanya hivyo bila kusukumwa. Kwa nini visiwe na mfuko wa kumlipia mwanachama mmoja kodi na chakula kwa mwaka wake wa ABSN, kama mkopo usio na riba, anaourudisha akishapata leseni ili mwingine aingie?

MCHANGIAJI WA TATU (mweka hazina wa chama cha jamii, Minnesota)

Mleta mada, pendekezo ni jema lakini umelifananisha na mfuko usiofanana nao. Wanachama wetu hutoa mchango wa misiba kwa sababu kila mmoja anajua siku moja zamu itamfikia yeye au mzazi wake. Fundi bomba na dereva wa lori, ambao hawana mpango wa kuwa wauguzi, watauliza wanafaidika nini, na nitakuwa mimi ninayesimama mbele yao.

Ningeweza kulipeleka kwenye mkutano likiwa na masharti: mwombaji awe na barua ya kukubaliwa na chuo chenye ithibati, awe amemaliza masomo yote ya awali, na awe amewahi kuchangia chama kwa muda unaoeleweka. Hata hivyo swali la kwanza kutoka ukumbini nalijua tayari. Umetueleza mwenyewe kwamba ukianguka somo moja unaweza kukaa nje mwaka mzima. Akianguka muhula wa pili, fedha za wanachama anazirudisha nani, na kwa mshahara upi? Liandike pendekezo hilo likiwa na jibu, nami nitaliweka kwenye ajenda.