Mrejesho: Tuzo za wapasuaji wa tezi zipo, tena tangu zamani

Wakuu, baada ya mama kufanyiwa upasuaji wa rovu (uvimbe wa tezi ya shingoni) niliuliza hapa kama wapasuaji wa tezi za homoni nao hupewa tuzo. Ahsanteni sana mlionielekeza. Nimesoma na nimeguswa.

Kubwa kuliko zote ni Nobel ya 1909, aliyopewa Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, kwa kazi yake juu ya tezi ya thairoidi, hiyo hiyo ya shingoni. Enzi zile upasuaji wa rovu uliua wengi. Yeye alipasua taratibu, akizuia damu kila hatua, hadi vifo vikashuka chini ya asilimia 1. Ninachomheshimia zaidi ni hiki: mwaka 1883 alitangaza mwenyewe kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walidhoofika mwili na akili, akaacha kuiondoa yote kwa rovu lisilo saratani. Baadaye alitoa fedha za taasisi ya utafiti hukohuko Bern.

Marekani, chama cha wapasuaji wa tezi za homoni kilichoanzishwa 1980 kina tuzo ya Oliver Cope kwa mchango uliotukuka, na nyingine ya utafiti yenye jina la Paul LoGerfo. Binafsi hiyo ya utafiti naiona ina uzito zaidi, maana inamfaa mgonjwa ambaye bado hajafika chumba cha upasuaji.