Gia za nyuma zinaruka: mashine mpya au waya tu?

Kanyagio
Wakuu, gia za nyuma za baiskeli yangu zinanitesa. Nikibonyeza moja haiji, nikibonyeza tena zinakuja mbili kwa mpigo. Ninunue mashine mpya ya gia (ile inayohamisha cheni), au nibadilishe waya na ganda lake? Naenda dukani kesho.

Vipingili
Nyuma una gia ngapi? Mashine ya aina gani? Inasumbua ikipanda au ikishuka? Umetupa fumbo, mkuu.

FundiMzee
Na imewahi kuanguka upande wa kulia?

MamaSpoku
Waya huo! Kwenda gia ndogo (yenye meno machache), kazi yote ni ya springi ya mashine. Waya ukishika kutu ndani ya ganda, springi haiwezi kuuvuta. Mashine haina kosa hapo.

Kanyagio
Samahani. Ni 9, Shimano. Inagoma kwenda gia ndogo. Haijaanguka. Ililala tu, upepo uliisukuma nilipoiegesha.

FundiMzee
Ililala upande gani, kijana?

Kanyagio
Kulia.

FundiMzee
Basi chuchumaa nyuma uangalie. Vile vigurudumu viwili vya mashine vikae wima, sambamba na gia. Vikiwa vimeelekea kwenye spoku, hanga (kile kipande cha fremu kinachoshika mashine) limepinda.

Mlima_Mrefu
Msikilize mzee. Mimi yangu "ililala" hivyohivyo. Gia zikawa zinapiga kelele, nikachukua bisibisi na kucheza na skrubu za H na L, zile zinazowekea mashine mipaka, bila kujua ipi inafanya nini. Siku ya pili nikawa napanda mlima, nikaweka gia kubwa kuliko zote, ile ya karibu na spoku. Krrrak! Mashine iliingia kwenye spoku, ikajikunja mpaka juu. Spoku nne zikakatika, cheni ikasokotwa, hanga likavunjika. L ndiyo inayozuia mashine isipitilize kuelekea spoku, nami nilikuwa nimeilegeza. Nilirudi nikiisukuma mpaka giza likaniingilia. Tangu siku hiyo sigusi skrubu kabla sijatazama hanga.

Lefa_ya_Kale
Ndiyo maana mimi natumia lefa ya gia isiyo na klik. Hanga lipinde, waya ulegee, unasogeza kidogo kwa kidole, unaendelea.

Vipingili
Shimano walileta za klik mwaka 1984, mkuu, wewe bado unatafuta gia kwa sikio?

Lefa_ya_Kale
Sikio langu halijawahi kuhitaji marekebisho.

Vipingili
😂 Haya. Kanyagio, ukinunua mashine, usichukue ile ya Shimano ya gia 10 za baiskeli za milimani. Uvutaji wake wa waya haupatani na lefa yako ya 9. Pima cheni pia: vipingili 24 vya cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307, imekwisha.

MamaSpoku
Cheni yenyewe ikaushe, watu wanamwaga mafuta mpaka inaokota mchanga wote.

Lefa_ya_Kale
Mama, cheni kavu inalia.

MamaSpoku
Sikusema kavu. Tone moja kila kipingili, kisha futa.

Kanyagio
Nimeangalia. Vimeinama kidogo, nadhani. Au ni macho yangu? Na waya una kutu mwishoni.

FundiMzee
Tuma picha ya nyuma, si ya ubavuni.

Lefa_ya_Kale
Mafuta gani hayo, mama? Ya cherehani yanafaa?