Mrejesho: Nilienda kufunga na kuomba peke yangu Uluguru

Wakuu, niliuliza kama ni sawa mtu kupanda milima ya Uluguru peke yake akafunge na kuomba. Wengi mlisema nisiende bila kujitambulisha kwa wenyeji, na mmoja akanikatalia kabisa kufunga kavu, yaani bila hata maji. Nimesharudi, mzima.

Nilipitia njia ya Morningside, kwenye lile jengo la Wajerumani juu ya mji wa Morogoro. Mwenyekiti wa kijiji alinipa kijana wa kunionyesha pa kukaa, karibu na mashamba. Kilele cha Lupanga (mita 2,100 na ushee) nilikiacha, kule ni hifadhi na kuna taratibu zake. Maji nilikunywa.

Baridi jamani! Jioni ukungu ulishuka, blanketi likawa linachuruzika kama limetoka kufuliwa. Usiku wa kwanza sikuomba cha maana, nilikuwa nasubiri kuche tu. Baadaye akili ikatulia. Sauti kutoka mbinguni sikusikia, nisiwadanganye. Ila lile la kumsamehe baba mdogo, lililonipeleka, liliisha kulekule. Nililia mpaka kamasi.

Uliyeniambia nibebe makoti mawili, Mungu akubariki. Anayepanga kwenda masika aahirishe, njia huwa utelezi mtupu.